Antivirusi inasema spoolsv.exe ni kirusi. Nifute?

Swali la msomaji:

"Shikamoo fundi. Nina steshenari Buzuruga, karibu na stendi. Natoa kopi, naprinti, naskani, najazia watu fomu za mtandaoni. Nina kompyuta mbili za Windows 10, nilizinunua siku moja kwa muuzaji mmoja. Ya kwanza niliwekewa antivirusi ya bure, ya pili inatumia ileile iliyokuja na Windows. Jumamosi asubuhi ya kwanza ilitoa dirisha jekundu: C:\Windows\System32\spoolsv.exe ni trojani, jina lake lina neno Heur, na chini vitufe viwili, Delete na Quarantine. Ya pili haikusema kitu. Kijana anayenitengenezea mashine anasema nifute haraka kabla hakijasambaa. Jirani yangu wa miamala anasema niitoe antivirusi yenyewe, kazi yake ni kusumbua watu. Mimi sikubonyeza chochote, nimeizima. Wateja wananidai kazi zao. Nimsikilize nani?"

Marahaba, mdogo wangu. Kuzima bila kubonyeza kitu kulikuwa uamuzi bora kuliko ushauri wote uliopewa baadaye. Faili usilifute, na antivirusi usiitoe. Lile dirisha jekundu ni shtaka tu, hukumu bado haijatolewa. Na wewe una bahati ambayo wenzako wengi hawana: una kompyuta mbili za aina moja, kwa hiyo ushahidi uko hapohapo dukani. Kazi yote ni ya nusu saa na bando dogo sana.

Ujue kwanza nani ameshtakiwa. spoolsv.exe ndiye karani wa foleni ya uchapishaji. Ukibonyeza kuprinti, kazi yako haiendi moja kwa moja kwenye printa, inapita kwake. Yeye anaipanga kwenye foleni, anaikabidhi kwa printa, ikiisha anachukua inayofuata. Ukimfuta, Windows itawaka kama kawaida, Word itafunguka, mteja atakupa flashi yake, na ukifika kwenye kuprinti utaambiwa huduma ya uchapishaji haifanyi kazi. Printa yako itakuwa nzima, waya mzima, wino upo, na karatasi haitoki. Kwa duka kama lako hilo ni kufunga biashara. Na spoolsv ni afadhali. Yako mafaili mengine kwenye folda hiyohiyo ambayo ukiyafuta kompyuta haiwaki kabisa.

Hili nililishuhudia kwa mteja wangu wa Sengerema, miaka ya nyuma kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa. Alinipigia simu jioni: "Fundi, vimetokea virusi vitano, nimevifuta vyote, sasa inazunguka tu haifiki mwisho." Vile vitano vyote vilikuwa vya System32, folda ya mafaili ya Windows yenyewe. Asubuhi nikapanda kivuko cha Kamanga na flashi yenye Windows mfukoni. Kazi yenyewe haikufika saa moja, lakini kungoja kivuko, kuvuka na kurudi kulikula siku nzima, na yeye siku hiyo hakuuza kitu. Tangu hapo kila mteja ninayemwachia kompyuta namwambia: nyekundu ikitokea, piga picha kwa simu, usibonyeze.

Utaniuliza, antivirusi iliyotengenezwa na wataalamu inawezaje kumsingizia karani wa Windows? Inaweza, na kampuni kubwa zimefanya hivyo. Tarehe 21 Aprili 2010, McAfee ilitoa sasisho namba 5958. Sasisho hilo likaliona svchost.exe, faili la mfumo la Windows XP yenye Service Pack 3, kuwa ni kirusi kinachoitwa W32/Wecorl.a. Kompyuta za maofisi zikaanza kujiwasha na kujizima zenyewe, na mtandao ukakatika. Hapo ndipo palipouma zaidi, kwa maana dawa ya kurekebisha ilitolewa, lakini mashine isiyo na mtandao haiwezi kuipokea. Mafundi walilazimika kuifuata kompyuta mojamoja kwa miguu. Novemba 2008 AVG iliituhumu user32.dll, faili ambalo bila hilo Windows haionyeshi hata dirisha moja. Septemba 2012 Sophos ilikamata mafaili yake yenyewe, yale yanayoleta masasisho. Kwa hiyo siyo ajabu na ya kwako ikakosea.

Chanzo cha makosa haya ni namna antivirusi inavyofanya kazi. Njia ya zamani ni kufananisha: kampuni inachukua kipande cha kirusi, inakiandika kwenye orodha, na kila faili lenye kipande kama hicho linakamatwa. Kipande kikichaguliwa vibaya, kikawa kipo pia ndani ya faili halali, halali linakamatwa nalo. Njia ya pili ni kukisia kwa tabia na sura: faili hili linafanya mambo kama yanavyofanya virusi, basi huenda ni kirusi. Majina yenye Heur au Gen, na kwenye Defender, antivirusi inayokuja na Windows, yale yanayoishia na !ml, yana makisio ya namna hiyo ndani yake. Huu ni wavu wenye macho madogo. Watu wa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, wanajua wavu wa macho madogo unavyozoa: hautachagua sangara mkubwa ukamwacha kifaranga.

Na spoolsv ana sababu zake za kutiliwa shaka. Anafanya kazi akiwa na mamlaka makubwa kuliko yako mwenye kompyuta, anapokea vitu kutoka kila programu, anaongea na mtandao, anaandika mafaili. Wavamizi wamempenda kwa hayo. Stuxnet, kirusi kilichogunduliwa 2010, kilitumia udhaifu wa huduma hii kusambaa. Mwaka 2021 ukatokea udhaifu ulioitwa PrintNightmare, na Microsoft ikalazimika kutoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu, bila kungoja siku yake ya kawaida. Siku ya kawaida ni Jumanne ya pili ya kila mwezi, kwetu huwa usiku. Angalia kalenda: kama Windows yako bado inapokea masasisho na Jumamosi yako iliangukia wiki hiyo, huenda spoolsv.exe imebadilishwa na Windows yenyewe, na antivirusi imekutana na faili jipya ambalo bado haijalizoea. Nimeona hivyo mara nyingi.

Sasa tuingie kwenye uchunguzi. Washa kompyuta ya kwanza, chomoa flashi zote za wateja. Dirisha likirudi, lipige picha jina lote la tuhuma na njia nzima ya faili, kisha liache. Likikulazimisha kuchagua, chagua Quarantine. Karantini inaliweka faili kifungoni na unaweza kulitoa, Delete hairudi nyuma. Halafu sasisha antivirusi. Hatua hii watu wanairuka, nayo peke yake inamaliza kesi nyingi, kwa sababu kampuni ikigundua imekosea hutoa marekebisho haraka. Baada ya kusasisha, kagua lile faili moja tu. Usianzishe ukaguzi wa kompyuta nzima wenye kufuta kiotomatiki. Windows huwa na nakala ya mafaili yake kwenye folda ya WinSxS, na ndiko inakochukua ikitaka kujitengeneza. Antivirusi iliyokosea ikipita kote, itaizoa na hiyo akiba.

Tuhuma ikibaki, soma njia ya faili herufi kwa herufi. spoolsv.exe halali anakaa C:\Windows\System32, ukiacha ile nakala ya akiba ya WinSxS. Mwenye jina hilo akikutwa kwenye folda ya AppData, au ya Public, au C:\Windows yenyewe nje ya folda zake, huyo ni tapeli aliyevaa sare. Angalia na tahajia: spoolsvc, spo0lsv yenye sifuri, svch0st. Nimezikuta hizo kwenye mashine za hapa mjini. Kwa maelezo uliyonipa, ya kwako iko mahali pake, kwa hiyo tunasonga.

Fungua PowerShell, dirisha la amri la Windows (itafute kwa jina hilo kwenye menyu ya Start), andika hivi:

Get-AuthenticodeSignature C:\Windows\System32\spoolsv.exe | Format-List Status, IsOSBinary

Ikijibu Valid na True, faili lina saini ya Microsoft na halijaguswa tangu litiwe saini hiyo. Ikijibu NotSigned au HashMismatch, shika breki, hapo pana jambo. Kuna fundi atakuambia bofya kulia, fungua Properties, kama hakuna ukurasa wa saini basi ni feki. Msamehe, amekosea. Mafaili mengi ya Windows hayabebi saini ndani yao, saini zao zimeorodheshwa pembeni kwenye katalogi, na ukurasa ule hauzionyeshi. Watu wamefuta mafaili mazima kwa kosa hilo.

Sasa tumia ile bahati yako. Kwenye kompyuta zote mbili bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, uone namba ya toleo mpaka tarakimu za baada ya nukta. Zikilingana, fungua dirisha jeusi la amri (cmd) kwenye kila moja na uandike:

certutil -hashfile C:\Windows\System32\spoolsv.exe SHA256

Utapata mstari wa herufi na tarakimu 64. Hiyo ni alama ya kidole ya faili. Ikibadilika nukta moja ndani ya faili, mstari wote unageuka. Kompyuta mbili zenye toleo moja, zote za biti 64 au zote za biti 32, lazima zitoe mstari mmoja. Ukilingana, karani wa kompyuta ya kwanza ni yuleyule wa ya pili, na wa ya pili Defender amemkagua akamwacha. Ukitofautiana wakati toleo ni lilelile, ninge­anza kuamini shtaka. Kama matoleo yenyewe hayalingani, ulinganisho huu hausemi chochote. Sasisha Windows zote mbili kwanza.

Shahidi wa mwisho ni VirusTotal, tovuti inayolipitisha faili kwenye antivirusi zaidi ya 70 kwa mkupuo. Huhitaji kupakia faili. Nakili ule mstari wa 64, ubandike kwenye kisanduku cha kutafuta. Usiuandike kwa mkono, utakosea. Moja au mbili zikisema ni kirusi na zilizobaki kimya, hasa kama iliyosema ni ileile ya kwako, faili limesingiziwa. Zikifika ishirini, halijasingiziwa. Na ikikujibu kwamba alama hiyo haijawahi kuonekana, usishangilie. Faili la Windows lipo kwenye mamilioni ya kompyuta duniani, kwa hiyo spoolsv.exe asiyejulikana na mtu yeyote anatia shaka kuliko anayejulikana.

Nisimame kidogo hapa, kwa sababu ya aina ya kazi yako. Kamwe usipakie kwenye tovuti hiyo hati ya mteja: cheti cha kuzaliwa, pasipoti, barua ya benki, matokeo ya hospitali. Kinachopakiwa pale kinaweza kupakuliwa na kampuni na watafiti wanaolipia huduma, na hukirudishi. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata isingekuwepo, mama aliyekuachia flashi ya cheti cha mwanawe amekuamini wewe. Ukitaka kuuliza kuhusu hati, uliza kwa alama ya kidole tu.

Ukitaka na Windows yenyewe itoe ushahidi, fungua dirisha la amri kama msimamizi:

sfc /verifyfile=C:\Windows\System32\spoolsv.exe

Hii inakagua faili moja bila kugusa kitu.

Saini ikiwa Valid, alama zikilingana na VirusTotal ikiwa karibu safi, hilo limesingiziwa. Lirudishe kutoka karantini kama ulikuwa umeliweka, kisha andika net start spooler kwenye lile dirisha la msimamizi, uprinti karatasi moja ya majaribio. Watumie waliotengeneza antivirusi taarifa kwamba wamekosea. Karibu zote zina fomu hiyo, na taarifa yako ndiyo inayowaokoa wengine. Wakati unangoja marekebisho, unaweza kuiambia antivirusi iliache hilo faili moja. Ninasisitiza moja. Mafundi wavivu huruhusu folda nzima ya System32, au C:\ yote, ili simu za mteja zikome. Kirusi cha kweli kikija kinapenda kukaa humohumo, na wewe umekifungulia mlango na kumwambia mlinzi alale. Hata ruhusa ya faili moja iondoe baada ya siku chache, maana inafuata jina na mahali, na siku kirusi kikivaa jina hilo kitapita nayo.

Kama ushahidi umeenda upande wa pili, badilisha mwendo. Chomoa intaneti. Jiulize ni mafaili mangapi yametuhumiwa. Mara nyingi kusingiziwa kunalipata faili moja, lilelile kwenye kompyuta nyingi. Ukiona kwenye mashine moja makumi ya mafaili ya .exe tofauti, ya Windows, ya Downloads, na ya kwenye flashi, hapo fikiria virusi viitwavyo Sality au Ramnit. Hao hujibandika ndani ya programu halali, faili linabaki mahali pake na jina lake lakini limebeba mgeni. Kwa steshenari inayopokea flashi kutwa nzima, hili ni jambo la kutarajia. Anzisha Microsoft Defender Offline, iko kwenye Windows Security sehemu ya ukaguzi. Kompyuta itajiwasha upya na kukagua kabla Windows haijaamka, wakati kirusi bado hakijapata nafasi ya kujificha. Kisha andika sfc /scannow ili mafaili yaliyoharibika yarudishwe. Kama sfc itasema imeshindwa, kinachofuata ni hiki:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

Hii itavuta mafaili mtandaoni, kwa hiyo andaa bando, au mwombe fundi wako aielekeze kwenye flashi ya Windows ya toleo lilelile. Wakiwa ni Sality kweli na wameenea, mimi sibembelezi: naokoa hati, siokoi programu hata moja, naweka Windows upya. Nywila za barua pepe na za mifumo unayojazia fomu, zibadilishe kwa simu yako, usizibadilishie kwenye mashine hiyo.

Na kama faili limeshafutwa na kompyuta haiwaki, washa kwa flashi ya kuwekea Windows, ukifika skrini ya kwanza bonyeza Shift na F10, na dirisha jeusi litafunguka. Tafuta Windows yako iko herufi gani, maana humo C inaweza kuonekana kama D. Ikiwa D:

sfc /scannow /offbootdir=D:\ /offwindir=D:\Windows

Ndiyo niliyoitumia Sengerema.

Kuna swali moja hukuniuliza, nami siwezi kuliacha. Windows ya hizo kompyuta ina leseni, au muuzaji aliiwasha kwa programu ya kupita njia ya panya? Nauliza kwa sababu sehemu kubwa ya kesi ninazoletewa kwa jina la "antivirusi imekosea" ni hizo. Antivirusi inaandika HackTool AutoKMS, au inakamata SppExtComObjHook.dll ndani ya System32, na mwenye mashine anaapa kwamba ni faili la Windows kwa kuwa liko kwenye folda ya Windows. Si la Microsoft. Limewekwa na ile programu ya kuwashia, na hapo antivirusi imesema kweli. Nyingine zinabadilisha mafaili halali kabisa, saini inavunjika, na uchunguzi wote niliokueleza unatoa majibu ya kuchanganya. Mbaya zaidi, hujui aliyeitengeneza ameweka nini kingine ndani. Najua bei ya leseni na najua faida ya kopi moja. Hata hivyo, kompyuta inayopita vitambulisho vya watu kila siku ningeitafutia leseni kabla ya kununua printa ya pili.

Jirani yako wa miamala mwambie antivirusi itabaki, ila iwe moja kwa kila kompyuta. Mbili kwenye mashine moja huanza kukamatana. Kijana wako naye usimfukuze, mwonyeshe certutil. Akiijua atakusaidia siku nyingine.

Anza na ile picha ya dirisha na mistari miwili ya alama za vidole, moja ya kila kompyuta. Nitumie hivyo vitatu, pamoja na jibu la Get-AuthenticodeSignature. Faili lenyewe usinitumie. Wakati unangoja, kazi za wateja ziprinti kwa kompyuta ya pili, na kila flashi ikaguliwe kabla hujaifungua.